Msuli kabla haujawa nyama: ulaini, maji na rangi

Tuseme una vipande viwili vya nyama ya ng'ombe mmoja, vilivyokatwa siku moja na kwa kisu kimoja. Kimoja ni sarara, ule mnofu uliolala chini ya uti wa mgongo upande wa ndani, na kingine ni muundi, nyama ya mguu chini ya goti. Sarara ikikaa kikaangoni dakika chache inalika bila taabu. Muundi ukipewa dakika hizohizo hautafuniki, kwa sababu unataka saa mbili au tatu za kuchemka polepole kabla haujalegea. Kila mpishi analijua hilo, lakini maelezo yanayotolewa mara nyingi, kwamba nyama moja ni nzuri na nyingine ni duni, hayaelezi chochote. Ufafanuzi wa kweli unaanza pale tunapokumbuka kwamba nyama ilikuwa msuli, yaani kiungo chenye kazi, na kwamba karibu kila tunachokiona kwenye ubao wa kukatia, uwe ugumu, wekundu au unyevu, ni alama iliyoachwa na kazi hiyo au na namna ilivyokoma.

Msuli uliosafishwa mafuta ya nje ni maji kwa takriban asilimia 75. Protini huchukua karibu asilimia 20, mafuta yaliyopenya ndani ya msuli wenyewe kwa kawaida huwa asilimia 2 hadi 5, na kidogo kinachosalia ni madini, vitamini, chembechembe zinazoipa nyama ladha yake, pamoja na glikojeni, ile akiba ya sukari ambayo msuli huiweka kwa ajili ya kazi ya ghafla. Glikojeni ni kidogo mno, lakini msomaji aikumbuke, kwa kuwa itarudi baadaye na kuamua mambo makubwa. Kwamba robo tatu ya nyama ni maji, na bado maji hayo hayamwagiki kisu kinapopita, ni jambo la kushangaza kuliko tulivyozoea kulichukulia. Hayamwagiki kwa sababu sehemu yake kubwa, karibu asilimia 85, imenaswa katika nafasi finyu zilizo kati ya nyuzi za protini, na chochote kinachozibana au kuzipanua nafasi hizo, iwe asidi, chumvi au moto, hubadilisha kiasi cha maji kitakachobaki.

Kwa umbo, msuli unafanana na kamba nene iliyosokotwa kwa kamba ndogo, na hizo nazo kwa nyuzi ndogo zaidi. Seli moja ya msuli ni uzi mwembamba kama unywele, nao unaweza kufikia urefu wa sentimita kadhaa. Ndani yake mna nyuzi nyingine nyingi zilizogawanyika pingili kwa pingili kama muwa, kila pingili ikiwa na urefu wa mikroni mbili hadi mbili na nusu, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Katika kila pingili zimo protini mbili zinazopishana: miosini, ambayo nyuzi zake ni nene, na aktini, ambayo nyuzi zake ni nyembamba. Msuli unapojikunja, vichwa vya miosini huishika aktini na kuivuta, na pingili hufupika. Mamilioni ya pingili zikifupika kwa pamoja, mnyama anapiga hatua. Nishati ya kazi hiyo hutoka katika kemikali iitwayo ATP, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii, nalo ndilo kiini cha habari nzima ya ugumu wa nyama: ATP inahitajika ili miosini ivute, na inahitajika vilevile ili miosini iachie.

Nyuzi hizi zote zimefungwa kwa utando. Kila uzi una utando wake, kila fungu la nyuzi lina wake, na msuli mzima umevikwa utando mzito unaoishia kwenye kano iliyoshika mfupa. Tando hizo zimejengwa hasa kwa protini iitwayo kolajeni, ambayo molekuli yake ni nyuzi tatu zilizosukwa pamoja mfano wa ukili. Msuli unaobeba uzito na kusukuma mwili kila siku, kama ule wa mguu au wa shingo, unahitaji tando nene. Msuli kama sarara, ambao kazi yake ya kila siku ni ndogo, unatosheka na tando hafifu. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza kati ya vipande vyetu viwili. Umri nao huongeza ya pili, kwani mnyama anavyokua molekuli za kolajeni zinazidi kufungana zenyewe kwa zenyewe, na vifungo hivyo hukomaa hadi vikawa sugu hata kwa moto. Ndama na ng'ombe mzee wanaweza kuwa na kiasi cha kolajeni kinachokaribiana katika msuli uleule, lakini ya ndama huyeyuka upesi, na ya mzee hukaa jikoni mpaka kuni zikapungua.

Kama ugumu ungekuwa wa kolajeni peke yake, habari ingeishia hapo. Lakini sarara za wanyama wawili wa umri mmoja zinaweza kutofautiana sana, na sababu yake imo katika saa chache zinazofuata kuchinjwa, saa ambazo kwa maoni yangu hazipewi uzito unaostahili katika mazungumzo ya upishi. Mnyama anapokufa, misuli yake haifi papo hapo. Damu imekoma kuleta oksijeni, hivyo seli zinaendelea kutengeneza ATP kwa kuvunja glikojeni bila oksijeni, na mabaki ya kazi hiyo ni asidi ya laktiki. Kwa kuwa hakuna tena damu ya kuiondoa, asidi hujilimbikiza, na kipimo cha pH kinashuka taratibu kutoka karibu 7 hadi kwenye 5.5 hivi. Glikojeni ikiisha, au asidi ikizidi kiasi cha kukomesha kazi, ATP haitengenezwi tena, miosini iliyoishika aktini haina cha kuifanya iachie, na mwili wote unakakamaa. Kwa kuku ukakamavu huo unaweza kuanza kabla ya nusu saa, kwa nguruwe ndani ya saa 3 hivi, na kwa ng'ombe mara nyingi kati ya saa 6 na 12. Nyama iliyopikwa katika hali hiyo huwa ngumu hata ikiwa imetoka kwenye msuli ulio bora.

Urefu wa pingili wakati wa kukakamaa ndio unaoleta tofauti. Pingili zikifungika zikiwa ndefu, nyama ina nafasi ya kulainika. Zikifungika zikiwa zimejikunja, miosini na aktini zinapishana kwa wingi zaidi, nyuzi zinanenepa, na meno yanakutana na protini nyingi katika kila sentimita. Nchini Nyuzilandi, ambako usafirishaji wa nyama iliyogandishwa kwenda Uingereza ulianza mwaka 1882, tatizo hili lilikuja kuonekana waziwazi teknolojia ya kupoza ilipozidi kuwa ya haraka. Mwaka 1963 watafiti Locker na Hagyard walieleza kwamba msuli wa ng'ombe unaopozwa hadi karibu na nyuzi 0 za Selsiasi kabla haujakakamaa hujikunja kwa nguvu, hata ukapoteza karibu nusu ya urefu wake. Baridi hudhoofisha pampu zinazoweka kalsiamu mahali pake ndani ya seli. Kalsiamu inavuja, nayo ndiyo ishara ya kawaida ya kuuamrisha msuli ujikunje, na kwa kuwa ATP bado ipo, amri inatiiwa. Hivyo bidii ya kuihifadhi nyama haraka ndiyo iliyokuwa ikiiharibu. Kanuni iliyotokana na ugunduzi huo ni kwamba msuli usishuke chini ya nyuzi 10 wakati pH yake bado iko juu ya 6.

Njia za kuzuia hali hiyo zinaonyesha jinsi ufahamu wa sababu unavyozaa ufundi. Ya kwanza ni kungoja. Ya pili ni kukining'iniza kiwiliwili kwa mfupa wa nyonga badala ya kano ya mguu, ili uzito wake wenyewe uvute misuli ya mgongo na ya paja na kuizuia isifupike. Ya tatu ni kupitisha umeme katika kiwiliwili mara baada ya kuchinja, ili misuli itumie glikojeni yake upesi na pH ishuke kabla ya baridi kuingia. Inapendeza kujua kwamba Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, katika karne ya 18, alikwisha kuandika kwamba bata mzinga waliouawa kwa umeme walikuwa laini kupita kawaida, ingawa wakati huo hapakuwa na mtu ambaye angeweza kueleza kwa nini.

Ukakamavu hatimaye hulegea, ila si kwa sababu miosini imeiachia aktini. Mshiko huo haufunguki kamwe. Kinachokatika ni protini nyingine zinazoshikilia pingili na pingili, kama titini na desmini, na zinazozikata ni vimeng'enya vya msuli wenyewe viitwavyo kalpaini, ambavyo mnyama alipokuwa hai vilihusika katika kuukarabati msuli huo. Ndiyo sababu nyama ya ng'ombe inayotunzwa kwa wiki moja au mbili karibu na nyuzi 0 hadi 4 inakuwa laini zaidi kadiri siku zinavyopita, sehemu kubwa ya mabadiliko ikitokea katika siku 7 hadi 10 za mwanzo. Kalpaini zina mzuiaji wake, kalpastatini, na wanyama hawana mzuiaji huyo kwa kiwango kimoja. Ng'ombe wenye nundu, ambao asili yao ni kusini mwa Asia, kwa kawaida wana kalpastatini nyingi kuliko wale wasio na nundu, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyama yao kuchelewa kulainika. Ieleweke kwamba utunzaji huu hauigusi kolajeni kwa kiasi cha maana, kwa hiyo muundi ukitunzwa wiki mbili utabaki muundi.

Mafuta yaliyotawanyika ndani ya msuli husifiwa sana. Yanaongeza ladha, yanateleza mdomoni na kuvumilia makosa ya mpishi, lakini mchango wake katika ulaini wenyewe, unaopimwa kwa kusukuma ubapa wa chuma kupitia kipande cha nyama iliyopikwa na kusoma nguvu iliyotumika, ni mdogo kuliko sifa zake.

Turudi kwenye glikojeni. Mnyama aliyesafirishwa mbali, aliyepigana na wenzake au aliyekaa na hofu kwa muda mrefu, anachinjwa akiwa ameshatumia akiba yake. Asidi haitoshi, na pH inabaki juu ya 6. Katika hali hiyo protini hukamata maji kwa nguvu, nyuzi zinavimba na kuruhusu mwanga upenye ndani badala ya kurudi, na seli zinaendelea kutumia oksijeni inayoingia. Matokeo yake ni nyama nyeusi, kavu kwa mguso, yenye kunata kisuni na kuoza upesi, kwa kuwa asidi inayowazuia bakteria haipo. Kwa nguruwe mara nyingi hutokea kinyume chake: pH inashuka haraka mno, chini ya 6 katika dakika 45 za kwanza, wakati mwili ungali na joto, na muungano wa asidi na joto unaziharibu protini kama vile zimeanza kupikwa. Nyama inakuwa iliyopauka, laini kwa namna mbaya, ikitoa maji yasiyokoma. Mwaka 1991 watafiti walitambua kasoro ya jeni moja inayowafanya baadhi ya nguruwe wapatwe na hali hiyo, jeni inayosimamia mlango wa kalsiamu ndani ya msuli. Utulivu wa mnyama kabla ya kuchinjwa, kwa hiyo, ni jambo la huruma na papo hapo ni jambo la kemia, na sioni kwa nini mtu achague moja kati ya hayo mawili.

Rangi yenyewe inatokana na protini iitwayo mioglobini. Maji mekundu yanayokusanyika chini ya nyama huitwa damu na watu wengi, lakini sehemu kubwa ya damu hutoka wakati wa kuchinja. Kinachobaki ni maji ya msuli yenye mioglobini, ambayo kazi yake ilikuwa kupokea oksijeni kutoka kwenye damu na kuihifadhi. Msuli wa kazi ndefu na ya kudumu unahitaji akiba kubwa. Kidari cha kuku, ambaye hupiga mbawa kwa muda mfupi tu, kina mioglobini isiyofika hata miligramu 1 kwa kila gramu, na ndiyo maana ni cheupe kuliko paja lake. Nyama ya nguruwe ina takriban miligramu 2, ya ng'ombe mkubwa karibu 8, na ya ng'ombe mzee inaweza kuvuka 15. Nyangumi, ambaye hupiga mbizi kwa muda mrefu bila kuvuta hewa, ana nyingi kupita hao wote, na ilikuwa ni mioglobini ya nyangumi ambayo mwanasayansi Mwingereza John Kendrew aliitumia alipotoa, mwaka 1958, mchoro wa kwanza wa umbo la protini katika vipimo vitatu, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1962 pamoja na Max Perutz.

Katikati ya mioglobini pana chembe moja ya chuma, na rangi ya nyama ni hali ya chuma hicho. Pasipo oksijeni, nyama ni ya zambarau iliyokolea, kama ilivyo ndani ya pakiti iliyotolewa hewa au katikati ya mnofu uliokatwa sasa hivi. Ikipigwa na hewa kwa nusu saa hivi, oksijeni inashikamana na chuma na nyama inang'aa kwa wekundu ambao wanunuzi huuita wa nyama mbichi safi. Siku zikipita, chuma chenyewe kinapoteza elektroni na mioglobini inageuka kahawia. Jambo linalochanganya ni kwamba ukahawia hujitokeza upesi zaidi mahali penye oksijeni kidogo kuliko mahali iliko nyingi au isipokuwapo kabisa. Ndiyo sababu fungu la nyama ya kusaga linaweza kuwa jekundu juu na la kahawia au kijivu katikati ingawa yote ilisagwa kwa wakati mmoja. Misuli nayo haina subira sawa. Sarara, pamoja na ulaini wake wote, hupoteza wekundu mapema kuliko mnofu wa juu ya uti wa mgongo, kwa hiyo kuikataa kwa rangi tu ni kuionea. Wekundu nao unaweza kudanganya upande wa pili, kwa kuwa gesi ya monoksidi ya kaboni hushikamana na chuma kwa nguvu na kuiacha nyama nyekundu hata baada ya muda wake kupita. Marekani inaruhusu matumizi yake katika ufungashaji kwa kiwango kidogo, Umoja wa Ulaya hauruhusu. Harufu, utelezi wa juu ya nyama na tarehe ni mashahidi wa kuaminika zaidi.

Moto unapoingia, mambo yote haya yanakutana. Miosini huanza kuharibika umbo kwenye nyuzi 50 hivi, na nyama inakaza kidogo kwa namna inayopendeza. Kati ya 60 na 65 kolajeni inajikunja na kuzikamua nyuzi zilizo ndani yake, na maji yanaanza kutoka kwa wingi. Kuelekea 70 na zaidi aktini nayo inaharibika, na nyama inakauka na kuwa ngumu. Kwa sarara habari inaishia hapo: haina kolajeni nyingi ya kuyeyusha, kwa hiyo kila dakika ya ziada inaondoa maji bila kurudisha kitu. Muundi unapita katika ugumu huohuo, tena mbaya zaidi, lakini ukiachwa kwenye maji yanayotokota polepole kolajeni yake inafumuka na kuwa jelatini, nyuzi zinaachana, na ingawa zenyewe zimekauka, jelatini inazipaka utelezi ambao ulimi unausoma kama unyevu. Mpishi anayeuondoa muundi mapema kwa kuhofia kuukausha anauondoa katika hatua yake mbaya kuliko zote. Ile imani kwamba kukaanga nyama kwa moto mkali huziba matundu na kuzuia maji yasitoke, iliyoenezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig tangu mwaka 1847, haina ukweli: ganda la kahawia hupitisha maji kama kawaida, na thamani yake ni ladha.

Hila nyingine za jikoni zinaeleweka kwa msingi huo. Chumvi iliyopakwa saa kadhaa mapema huzisukuma nyuzi za protini ziachane na kuyeyusha sehemu ya miosini, hivyo maji mengi zaidi yanabaki. Siki na ndimu hufanya kazi kwenye milimita chache za juu tu. Papai bichi lina kimeng'enya, papaini, kinachokata protini za aina zote pasipo kuchagua, na kasi yake huongezeka nyama inapopata moto, kwa hiyo likizidi linageuza uso wa nyama kuwa uji. Kukata nyama iliyopikwa kwa kukingama na nyuzi kunayaachia meno vipande vifupi vya uzi, na kwa juhudi iliyotumika sijui njia nyingine yenye faida kubwa hivyo.

Linabaki swali la kuiva. Watu wengi huitazama rangi ya ndani, kwa kuwa mioglobini huharibika kwa joto na kuwa ya kijivu au kahawia. Lakini rangi hiyo hudanganya. Nyama iliyotiwa nitriti, chumvi ya kuhifadhia nyama, hubaki ya waridi hata ikichemshwa, kwa kuwa oksidi ya nitrojeni imeshikamana na chuma, jambo ambalo mwanasayansi J. S. Haldane alilieleza mwaka 1901. Nyama yenye pH ya juu, ya yule mnyama aliyechoka, inaweza kubaki nyekundu ndani ingawa imeiva, kwa sababu mioglobini yake inastahimili joto. Kosa lililo hatari ni la upande mwingine: nyama ya kusaga ambayo mioglobini yake imeshageuka kahawia kabla ya kupikwa inaweza kuonekana imeiva ikiwa bado chini ya nyuzi 60, na bakteria waliokuwa juu ya mnofu walishachanganywa hadi katikati wakati wa kusaga. Mamlaka za Marekani hutaka nyama ya namna hiyo ifike nyuzi 71 katikati, na ya kuku nyuzi 74. Kifaa pekee jikoni kinachoweza kuonyesha kwamba zimefikiwa ni kipimajoto kilichochomekwa hadi mahali penye unene mkubwa zaidi.